Shangazi Aitwaye Serikali

Barua ya wiki kutoka kwa mwalimu wa darasa huingia Ijumaa alasiri kwenye simu, na mimi huisoma ndani ya basi nikitoka kazini. Ya wiki hii ya Januari inasema hivi: Jumatatu vitabu vya maktaba virudishwe. Jumanne darasa zima litashinda msituni. Mtoto aje na chakula chake, kinywaji cha moto kwenye chupa na kitu cha kukalia, ila asibebe karanga wala korosho, kwa kuwa yuko mwenzao ambaye zinamdhuru. Alhamisi watateleza kwenye barafu. Helmeti ni lazima, na asiye na viatu vya barafu mzazi wake aandike mapema. Ijumaa kila mmoja alete kitu kimoja cha kuchezea, kisiwe na betri. Halafu, chini kabisa, ombi ambalo halikosi: hakikisheni kila nguo imeandikwa jina.

Nina watoto wawili. Binti yuko darasa la tano, mdogo wake wa kiume yuko la pili. Baba yao anaendesha basi la mji; mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tunakaa katika mji mdogo magharibi mwa Sweden, karibu na Göteborg kiasi cha kwenda kununua unga wa mahindi na kurudi siku hiyohiyo. Ndugu wakinipigia kutoka Tanga huuliza baridi. Baridi ikiisha, huuliza kama watoto wanasali. Hakuna aliyewahi kuuliza kuhusu helmeti, na kumbe siku zetu nyingi ndizo hizo: helmeti, chupa ya chai, suruali ya mvua, na nani atamchukua nani saa ngapi.

Nimekulia Chumbageni, kwenye nyumba ambayo mlango wa uani haukufungwa mchana. Nikirudi shule mama hayupo, nilikula kwa mama mwenye nyumba. Nikiharibu njiani, jirani alikwishanitia adabu kabla habari hazijafika kwetu. Na juu ya wote hao alikuwepo shangazi, dada yake baba, ambaye alitokea bila taarifa, akakagua kucha, madaftari na sufuria, akatoa hela ya viatu na maneno makali kwa pamoja, kisha akapanda basi kurudi Muheza. Huku kiti cha shangazi kinakaliwa na Serikali. Inakagua, inatoa hela, inasema. Ila shangazi wa Muheza tulijua anapenda nini, na mama alijua ampikie nini siku akiwa na hasira.

Nianze na hela, maana hapo sina lawama. Kila tarehe 20 ya mwezi Försäkringskassan, shirika la bima ya jamii la taifa, huweka kwenye akaunti za wazazi kronor 1,250 kwa kila mtoto, na sisi huongezewa 150 kwa kuwa ni wawili. Hupewa tajiri na maskini sawasawa. Shule hailipiwi, vitabu havilipiwi, na chakula cha mchana kwa mujibu wa sheria ni bure na lazima kiwe na lishe ya kutosha. Alhamisi shule nyingi hupika supu ya njegere na chapati za maji. Mwanangu alipomsimulia bibi yake kwamba mchana wamekula chapati za maji na jamu, bibi aliomba nipewe simu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama shule ile imefilisika.

Masomo yakiisha, mdogo hubaki palepale shuleni kwenye kituo cha alasiri, fritids kama wanavyokiita, mpaka mmoja wetu atoke kazini. Ada hufuata kipato: kwa mtoto mmoja haizidi asilimia 2 ya kipato cha nyumba, na ina kiwango cha juu ambacho hata mwenye mshahara mnono havuki. Viatu vya barafu nilivipata Fritidsbanken, ghala la vifaa vya michezo ambako unaazima kwa siku 14 bila kulipa senti. Mpango huo ulianzia mwaka 2013 huko Deje, kijiji cha jimbo la Värmland, na sasa umeenea nchi nzima. Na sisi wa Tanzania tusijifanye tunakutana na mkono huu kwa mara ya kwanza. Baba yangu mdogo alisoma Kibaha, kwenye kituo kilichojengwa na nchi za Nordiki, Sweden ikiwamo, kwa mradi ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwetu mwaka 1970. Mpaka leo akizungumzia madawati ya Kibaha utadhani anazungumzia mahari.

Februari ndiyo inayokuonyesha ukarimu huu unafika wapi. Ndio mwezi wa mafua, na mwezi wa ugonjwa wa kutapika ambao hupita darasani dawati kwa dawati. Mtoto akishatapika, shule inataka akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Mzazi naye anaacha kazi, anaripoti kwa simu, na Försäkringskassan inamlipa pungufu kidogo ya asilimia 80 ya mshahara wake. Siku zinafika 120 kwa mwaka kwa kila mtoto, na cheti cha daktari hakidaiwi mpaka siku ya nane. Wenyeji huiita vab, na sisi Waswahili wa hapa tumekwisha kuinyambua: jana nimevaba mimi, leo unavaba wewe. Msimamizi wangu haulizi swali. Tanga nilimwona mama akimzika mjomba yuleyule mara mbili ili apate siku ya kukaa na mgonjwa.

Lakini hela haimkandi mtoto kichwa. Ilifika wiki ambayo watoto wote wawili wamelala, zamu ya baba yao haihamishiki na yangu haihamishiki, na ukoo mzima wa kuuomba msaada uko saa mbili mbele yetu, ng'ambo ya jangwa. Jirani yetu wa ghorofa ya chini ndiye aliyenifungua macho. Ni mwanamke wa Bukavu, Kongo, aliyeletwa Sweden na Umoja wa Mataifa baada ya kukaa miaka katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na watoto wangu wanamwita tantine kama wanavyosema kwao. Akaniambia, dada, wewe unaweza kunipa mimi siku zako. Nikafikiri ananitania. Kumbe kweli: mzazi anaweza kumkabidhi mtu mwingine haki hiyo, awe bibi, rafiki au jirani, mradi naye ana bima ya hapa na ameacha kazi yake kwa ajili ya mtoto. Atalipwa yeye. Tantine akajaza fomu, akapanda na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, akashinda na wanangu siku mbili huku televisheni ikiwaka na yeye akisali rozari. Nilirudi jioni nikakuta nyumba inanuka vitunguu na mawese, homa imeshuka. Serikali ilikuwa imemlipa jirani ujirani wake. Sijaamua bado kama hilo linanifurahisha.

Kuna jambo moja ambalo shangazi huyu hakubali mjadala. Sweden ilipiga marufuku kumchapa mtoto nyumbani mwaka 1979, nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Viboko vya shule za msingi vilikuwa vimekwisha kuondolewa tangu 1958. Habari za sheria ile zilichapishwa mpaka kwenye paketi za maziwa, ili mzazi na mtoto waisome kwenye meza moja asubuhi. Kwetu Tanzania kanuni bado zinaruhusu kuchapa shuleni kwa idhini ya mwalimu mkuu, visizidi viboko vinne, na viandikwe daftarini. Kwenye vikao vyetu vya Waswahili hukosi mtu mzima anayesimama kushukuru fimbo zilizomfikisha hapa. Mimi sishukuru. Fimbo ya mpera naikumbuka vizuri; kosa lililoiita silikumbuki hata kidogo.

Hofu, hata hivyo, ipo, na ni ya kweli kwa anayeishi nayo. Walimu, madaktari na wauguzi wanalazimika kisheria kuitaarifu ofisi ya ustawi wa jamii wakishuku kwamba mtoto anadhurika, na mahakama inaweza kuamua mtoto aondolewe nyumbani hata kama wazazi hawataki. Mwaka 2021 na 2022 mitandao ilijaa madai kwamba ofisi hizo zinateka watoto wa Kiislamu. Serikali ikayakana hadharani na kuyaita upotoshaji. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp yalifika na sauti za watu wakilia. Matokeo niliyaona kwa macho: mwenzangu mmoja aliacha kumnyang'anya mwanawe simu usiku, akihofia kushtakiwa. Mtoto akawa analala darasani, na kilicholeta barua kutoka shuleni ni usingizi, si ukali. Kukataza hakukatazwi. Nililijua hilo kwa kumuuliza mwalimu ana kwa ana, na nilishangaa swali lenyewe lilivyomshangaza.

Watoto wenyewe wanaijua sheria kuliko sisi, kwani Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa umekuwa sheria ya Sweden tangu Januari 2020 na shuleni wanafundishwa. Binti yangu akiwa darasa la kwanza aliniona nimeinua ndala, akasimama mlangoni akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mama, hapa hairuhusiwi." Ndala ilikuwa ya nzi.

Ukitaka kuona mzazi wa Kitanzania amepotea, mpeleke shuleni kwenye kikao cha maendeleo ya mtoto, kinachofanyika walau mara moja kila muhula. Anayekiendesha ni mtoto. Binti alitukaribisha viti, akafungua kabrasha lake, akatueleza kwamba hesabu za sehemu anaziweza, kusoma anaweza, ila hanyooshi mkono hata akijua jibu, na kwamba lengo lake mpaka Juni ni kunyoosha. Mwalimu, ambaye watoto wote wanamwita kwa jina lake la kwanza, alikaa kando akitikisa kichwa. Mume wangu, aliyevaa shati la mikono mirefu kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule, alisubiri mpaka mwisho, akauliza, "Sasa amekuwa wa ngapi?" Hakuna wa ngapi. Hakuna hata alama mpaka darasa la sita. Tulitoka nje, akasema anaona kama amesafiri safari nzima asionyeshwe kituo. Mimi nilikuwa bado nawaza ule mkono. Nyumbani tumemfundisha asimkatize mkubwa, asubiri kuulizwa. Shuleni, kusubiri kuulizwa kumeandikwa kuwa udhaifu wa kufanyiwa kazi. Tulimwambia anyooshe. Shikamoo ikabaki mlangoni kwetu, kwa tantine na kwenye simu ya bibi, na hatujaona kama amechanganyikiwa. Wanaochanganyikiwa ni wageni wa Kiswidi, wanapoona binti wa miaka 11 anainama kidogo kumsalimia mtu aliyekuja kurekebisha bomba, kwa sababu tu ana mvi.

Chakula kilitugombanisha zaidi. Mwanangu alikwenda kucheza kwa rafiki yake, akarudi saa moja usiku ana njaa. Walikula? Walikula. Na wewe? Yeye alibaki chumbani akicheza na matofali ya plastiki mpaka wenye nyumba wamalize. Usiku ule sikulala kwa hasira. Mei 2022 jambo hilohilo lilichekesha dunia nzima mtandaoni, Waswidi wakiwa wanajieleza mbele ya watu wa kila bara: mzazi wa mtoto mgeni naye amepika, ukimlisha unamharibia mezani, na zaidi, hutaki mtu ajione ana deni kwako. Nimeielewa hoja yao. Sijaikubali. Mtu akila kwako na akajiona ana deni, ndivyo mnavyoanza kuwa watu. Kwa hiyo kwangu sheria ni moja: anayekuwepo sufuria ikiepuliwa, anakula. Rafiki huyo alipokuja kwetu alikula wali na maharage ya nazi, akaongezwa, na kabla hajafika kwao ujumbe wa mama yake ukawa umeingia, wa heshima sana, kuomba safari nyingine ajulishwe mapema ili asipike. Sasa namjulisha. Siku hizi yeye ndiye hutuma kuuliza kama Jumamosi kuna maharage.

Kiswahili nacho kina fomu yake. Tangu mageuzi ya mwaka 1977, mtoto anayekulia kwenye nyumba yenye lugha nyingine ana nafasi ya kufundishwa lugha hiyo shuleni, kwa gharama ya manispaa, Kiswahili kikiwamo. Masharti: lugha itumike nyumbani kila siku, mtoto awe na msingi wake, mwalimu apatikane, na katika manispaa wawepo wanafunzi wasiopungua watano. Mwalimu alipatikana, Mkenya wa Kakamega anayezunguka miji mitatu kwa treni. Wanafunzi tulikuwa nao wanne: wawili wangu na wawili wa tantine. Tulimsaka wa tano msikitini, kanisani, kwenye duka la vyakula vya Kiafrika na kituo cha basi. Mwishowe tukampata binti wa mama mmoja wa Mombasa aliyeolewa na Mswidi. Mama akasita: nyumbani kwao wanasema Kiswidi, Kiswahili anamsemesha mtoto akimgombeza tu. Tantine akamuuliza, na mnagombana mara ngapi? Kila siku, akajibu. Basi masharti umetimiza, jaza fomu.

Sasa Jumatano saa tisa alasiri watoto watano wa umri tofauti wanakaa chumba kimoja na kusoma ngeli. Pwani, Kivu na Kakamega zimekutana hapo, na matokeo si ya kitabuni. Mwanangu huniitikia, "Niko nakuya, mama." Bibi yake aliposikia aliuliza kama mjukuu huyu nimemzaa au nimemwokota Bukavu. Mimi sirekebishi. Wakiwa wawili chumbani, wenyewe kwa wenyewe, wanasema Kiswidi, na hapo hakuna manispaa itakayonisaidia. Kwa hiyo chochote kinachotoka midomoni mwao kikiwa na kitenzi cha Kibantu nakipokea.

Likizo kubwa huanza katikati ya Juni na huishia Agosti, na ndipo tunapokwenda Tanga, tukiwa na tiketi. Si kila mwaka. Kusafiri nje ya likizo ni kuomba ruhusa kwa mkuu wa shule, na zaidi ya siku kumi panahitajika sababu nzito kwelikweli. Babu yao alipofariki mwezi Oktoba, watoto walipewa siku tano. Kwetu siku ya tano ndugu wa Pangani walikuwa bado wanafika. Hata hiyo likizo haikutani vizuri na ya kwetu. Shule za Tanzania hupumzika Juni na kurudi Julai mwanzoni, kwa hiyo binamu wanacheza pamoja wiki chache tu, kisha wanavaa sare na kuondoka alfajiri, na wangu wanabaki na bibi wakichambua mchele na kuuliza saa.

Mara ya mwisho shangazi wa Muheza alikuja. Ana miaka themanini na zaidi na bado hapigi simu kabla ya kuja. Alimwita mwanangu, akamshika mkono, akaanza kukagua kucha moja baada ya nyingine. Mtoto alimwacha amalize, akampa na mkono wa pili, kisha akamuuliza kwa adabu zote jina lake nani na anafanya kazi gani. Nilishikwa na woga. Shangazi akamtazama muda, akajibu jina, la kazi akasema anakagua watu. Jioni alitoa noti ya elfu kumi kutoka kwenye pindo la kanga na kumpa, bila fomu.

Mwezi Mei binti anatimiza miaka 12. Kuanzia siku hiyo, kwa mtoto asiye na maradhi ya kudumu, Försäkringskassan hailipi tena mtu kukaa naye akiugua homa ya kawaida. Inahesabu kwamba ataweza kulala peke yake na chungwa na simu. Nilimweleza tantine wiki iliyopita, jikoni kwake, kwamba zamu zake za kulipwa kwa binti zinakwisha, zinabaki za mdogo. Aliendelea kuponda sombe. Akasema basi huyo mkubwa atakuwa wa bure, akanitaka nimwandikie ratiba yangu ya Juni, na nisisahau safari hii kuandika na siku ninazofanya usiku.